Natapika kila siku tangu nikatwe utumbo: je, ni kawaida?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 39, naishi Tabata. Miezi minne iliyopita nilikwenda India nikafanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, ule watu wanaouita kukata utumbo. Nilikuwa na kilo 128, sasa nina 99. Mwanzoni niliendelea vizuri, lakini huu mwezi na zaidi, wiki tano kamili, natapika karibu kila siku. Ilianza na ugali na wali, sasa hata uji unarudi. Miguu ina ganzi, kupanda daladala ni kazi. Nikisimama ghafla naona giza. Nywele zinatoka kwa mafungu. Juzi Kariakoo nilikunywa juisi ya miwa nusura nianguke: jasho, moyo mbio, tumbo kuvuruga. Dawa ya presha bado nameza, na magoti yakiuma nachoma sindano ya diklofenaki duka la dawa la mtaani. Zahanati wameniwekea dripu mara mbili, nafuu ya siku moja hali inarudi. Majirani wanasema nimeukwaa ule ugonjwa, mama mkwe anasema nilijitakia. Je, hii ni kawaida? Nirudi India? Na mwezi ujao ni sendofu ya mdogo wangu, nitakula nini mbele za watu? Karatasi ya hospitali nimekupigia picha.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Umeuliza mengi na yote nitayajibu, ila si kwa mpangilio wako, maana ganzi ya miguu haisubiri foleni. Soma aya hizi za mwanzo, kisha weka simu kwenye pochi, chukua karatasi zako za India, tafuta mtu wa kukusindikiza, mwende hospitali leo hii. Usingoje kesho, wala usirudi zahanati ile ya dripu. Kwa mtu wa Tabata, Amana iko karibu. Ukiweza kufika Muhimbili, vema zaidi. Mengine utayasoma ukiwa umeshalazwa.

Mtu anayetapika wiki tano hapungukiwi chakula tu. Anapungukiwa vitamini B1, ambayo kitaalamu ni thiamini. Mwili hauna ghala kubwa la vitamini hii. Akiba yake ni ya wiki mbili tatu, basi. Nayo ndiyo inayouwezesha mwili kuichoma sukari ikawa nguvu. Ikiisha, mishipa ya fahamu ndiyo inayolia kwanza, hasa ile mirefu inayoshuka miguuni: ganzi, kuchomachoma, nyayo kuwa kama zimekanyaga sufi, magoti kuishiwa nguvu kwenye ngazi. Hiyo ni beriberi, ugonjwa uleule wa watu waliolishwa wali mweupe mtupu miezi na miezi. Isipotibiwa inapanda kichwani. Mtu anaona viwili viwili, anatembea akiyumba, anachanganyikiwa, na akichelewa sana kumbukumbu zinapotea zisirudi. Si lazima dalili zote zije pamoja. Wagonjwa wengi huja na moja au mbili, ndiyo maana hukosewa.

Hukosewa pia kwa sababu madaktari tulifundishwa kuiona kama hali ya walevi. Wewe hunywi, umevaa vizuri, unaongea vizuri, nani atakuwazia beriberi? Lakini Mjerumani Carl Wernicke alipoieleza hali ya kichwani mwaka 1881, kati ya wagonjwa wake watatu wawili walikuwa wanywaji, na wa tatu alikuwa msichana mshonaji aliyekunywa tindikali, tumbo likaharibika, akawa anatapika bila kukoma. Kutapika peke yake kulitosha kumfikisha huko.

Sasa hizo dripu. Nafuu ya siku moja uliyoipata ilikuwa ya maji na chumvi. Lakini chupa nyingi zinazotundikwa kwa mtu aliyeishiwa nguvu ni za glukosi, yaani sukari, na sukari ikiingia mwilini bila B1 humaliza hata kile kidogo kilichobaki. Mgonjwa aliyeingia na ganzi ya miguu anaweza kuamka asubuhi hajui yuko wapi. Kwa hiyo B1 hutangulia, au huingia pamoja na glukosi, na kwa anayetapika hupitia kwenye mshipa, kwa dozi kubwa. Kidonge atakitapika. Andika maneno haya kwenye karatasi umpe wa kwanza atakayekupokea: “Nilifanyiwa baipasi ya tumbo miezi minne iliyopita. Natapika kwa wiki tano. Miguu ina ganzi. Naomba daktari afikirie thiamini ya mshipa kabla ya dripu ya glukosi.” Mpe kwa upole, kwa maana nesi wa mapokezi ana watu arobaini mbele yake na hapendi kufundishwa kazi, lakini hakikisha karatasi inafika kwa daktari. Wapime pia potasiamu na magnesiamu, ambazo kutapika huzimaliza na moyo huzihitaji, pamoja na figo.

Nenda. Tutaonana chini ya mstari huu.

Tuendelee. Nimeandika baipasi kwa sababu karatasi uliyonitumia inasema hivyo, wakati wewe unasema kukata utumbo. Mjini hapa operesheni zote mbili huitwa kukata utumbo, na jina hilo limenipotezea muda na wagonjwa wengi. Iko ya kwanza, ambayo mfuko wa chakula hukatwa kwa urefu, robo tatu yake au zaidi ikatolewa na kutupwa, ukabaki mrija wenye umbo la ndizi. Hapo utumbo haujaguswa kabisa. Na iko baipasi, uliyofanyiwa wewe: sehemu ya juu ya mfuko hutengwa ikawa kijifuko kidogo, utumbo mdogo hukatwa na kuvutwa juu ukaunganishwa na kijifuko hicho, na chakula huruka sehemu kubwa ya mfuko na mwanzo wa utumbo. Hakuna kilichotupwa, kimehamishwa njia. Tofauti hizi si za kitaaluma tu. Aliyefanyiwa ya kwanza husumbuliwa zaidi na kiungulia. Wa baipasi ndiye mwenye hatari kubwa ya kukosa madini na vitamini, ya vidonda kwenye kiungio, na ya yale yaliyokukuta Kariakoo. Liandike jina la operesheni yako nyuma ya kitambulisho chako kama ni lazima.

Je, kutapika ni kawaida? Hapana. Wiki za mwanzo mtu hucheua, hutema mate ya povu akila haraka au akikosea tonge, na hilo hupungua kadiri anavyojifunza. Kutapika kunakoongezeka, kulikoanza na vyakula vizito kukafika kwenye uji, kunaeleza kitu kingine: njia inaziba. Chukua kikombe kile kidogo cha kahawa chungu cha kijiweni. Kijifuko walichokuachia kilipotoka chumba cha upasuaji kilikuwa na ujazo wa mililita 30 hivi, kama nusu ya kikombe hicho. Mlango wa kutokea chini yake nao ni mwembamba, na kovu linapopona wakati mwingine hukaza mpaka ukabaki tundu la kupitisha penseli au chini ya hapo. Mara nyingi hutokea ndani ya miezi mitatu ya mwanzo, na kutapika kwako kulianza mwezi wa tatu. Kipimo chake ni endoskopi, kamera ya kupitia mdomoni. Uzuri wake ni kwamba kamera hiyohiyo hutumika kutibu: daktari hupitisha kijiputo, anakijaza, mlango unapanuka. Pengine itahitajika kurudia mara mbili tatu, ila hupasuliwi upya. Huduma hiyo Dar ipo, Muhimbili wanafanya endoskopi kila wiki.

Hapo ndipo swali la India linapojibiwa. Usipande ndege ukiwa unatapika, umekaukiwa maji, na miguu imelala. Saa nyingi za kukaa zinaweza kukugandishia damu kwenye mshipa wa mguu, ikaenda kwenye mapafu. Unachohitaji kutoka India ni karatasi. Waandikie wakutumie ripoti kamili ya upasuaji, siyo ile ya ukurasa mmoja ya kuruhusiwa: walikata wapi, waliruka utumbo wa urefu gani, walifunga nafasi zilizobaki nyuma ya kiungio au hawakufunga. Daktari bingwa wa hapa ataihitaji sasa na miaka kumi ijayo.

Kamera inaweza pia kukuta kidonda kwenye kiungio, na hapa nakugombeza kidogo. Diklofenaki, ibuprofeni, aspirini za maumivu, na jamaa zao wote, kwako zimefungwa. Pale utumbo ulipounganishwa na mfuko hapana ulinzi dhidi ya tindikali, na dawa hizi huuondoa hata ulinzi mdogo uliopo. Matokeo ni kidonda, kidonda kikitoa damu choo kinakuwa cheusi kama lami, au kinatoboka kabisa. Watu huniambia, “Lakini mimi simezi, nachoma sindano.” Sindano haikuokoi, dawa huingia kwenye damu na kuharibu tumbo kutokea huko. Tena sindano ya kuchomwa duka la dawa, mdogo wangu, hata kwa mtu mwenye tumbo zima siipendi. Magoti yako tumia parasetamoli. Yamebebeshwa kilo 29 pungufu, yatatulia. Sigara na shisha nazo huleta vidonda hivyohivyo, hata kama ni ya Jumamosi tu.

Kuona giza ukisimama kuna sababu mbili juu ya meza. Umekauka maji, na unameza dozi ya presha iliyopimwa kwa mtu wa kilo 128. Presha hushuka pamoja na kilo, mara nyingi mapema sana, na dawa isipopunguzwa inakuangusha. Kama ni aina ya kukojoza au zile zinazogusa figo, kuimeza huku unatapika ni kuziumiza figo. Usiache kwa kichwa chako wala usiendelee kwa kichwa chako. Wakupime leo umelala, kisha umesimama, na daktari aamue. Wanaotumia dawa za sukari baada ya operesheni hii nao wasikilize hilo, kwao mambo hubadilika haraka zaidi, wengine siku ya tatu tu.

Juisi ya miwa nitaikalia kidogo, kwa sababu wengi wanaumia nayo bila kujua na mji huu umejaa vinywaji vitamu. Zamani, mfuko wako wa chakula ulikuwa na mlango wa chini unaofunguka kwa kiasi. Ulikunywa glasi ya miwa, ikakaa, ikashuka kidogo kidogo. Sasa mlango huo umerukwa. Glasi nzima ya sukari inatua kwenye utumbo mdogo kama ndoo iliyomwagwa, utumbo unavuta maji kutoka kwenye damu ili kuizimua, homoni zinamwagika, presha inashuka, moyo unakimbia kufidia. Ndiyo jasho lako, ndiyo tumbo kuvuruga na kukimbilia choo. Huja dakika 10 hadi 30 baada ya kunywa. Dawa yake ni kulala chali robo saa, na kesho yake kutorudia. Soda, juisi ya embe ya kusagwa na sukari, aiskrimu, maandazi na chai ya vijiko vinne, tende saba kwa mpigo wakati wa kufuturu, vyote vina tabia hiyo.

Iko shida ya pili ya sukari, huja saa moja hadi tatu baada ya kula, na mara nyingi baada ya mwaka au zaidi. Mwili umeona sukari nyingi ghafla, unamwaga insulini kupita kiasi, sukari inashuka chini: mikono inatetemeka, njaa kali, kichwa chepesi, hata kuzimia. Hapo ndugu hukukimbizia soda baridi. Inakuinua dakika ishirini, halafu inaanzisha mzunguko uleule upya. Ikikutokea, kunywa sukari kidogo tu, kama nusu glasi ya juisi, kisha punde tu yai la kuchemsha au mtindi usio na sukari ili ishike. Ikijirudia, njoo tuangalie, isizoeleke. Na ukishika mimba siku zijazo, waambie kliniki wasikupe kile kipimo cha kunywa glukosi. Kwako kitafanya yaleyale ya miwa.

Kuhusu mimba nisisahau. Uzito ukishuka, hedhi zilizopotea hurudi na wanawake waliokata tamaa hushtukia wamebeba. Subiri miezi 12 hadi 18. Vidonge vya uzazi wa mpango usivitegemee baada ya baipasi, tena kwa anayetapika ni kama hakumeza. Kijiti au kitanzi ni vya uhakika zaidi.

Chakula. Kwa sasa, mpaka kamera ipite, ni vimiminika tu na kwa kadiri hospitali watakavyokupangia. Ninayoeleza hapa ni ya baadaye, mlango ukishapanuliwa.

Ugali ndio unaowashinda wengi, na sijaona ajabu. Ni mzito, unanata, na tunaumeza. Mtoto wa Kitanzania hafundishwi kutafuna ugali. Anafundishwa kufinyanga, kuchovya, kumeza. Tonge la kawaida ni karibu kijifuko chako chote. Ukila kwenye sinia na wenzako, mikono inashindana, na ukisita mtu anakuambia “kula bwana, mbona unajivuta”. Kaa na sahani yako ndogo na kijiko cha chai. Anza na kitoweo: samaki wa kuchemsha au mchuzi mwepesi, yai, maharage yaliyoiva yakapondeka, dagaa waliosagwa. Mbona kitoweo kwanza? Kwa sababu unahitaji gramu 60 hadi 80 za protini kwa siku, na nafasi ni ndogo. Yai moja lina gramu 6 hivi, glasi ya maziwa ya robo lita gramu 8, kipande cha kuku cha gramu 100 kilichopikwa kinakaribia 30. Hesabu mwenyewe utaona kwamba ukianza na wali, siku inaisha hujafika. Samaki laini wa Feri, changu au kolekole, kwako ni bora kuliko kuku wa kienyeji mwenye nyuzi ngumu, na pweza mwache kabisa mwaka huu. Tafuna mara ishirini. Ukihisi kifua kimejaa, au mafua ya ghafla na kwikwi, hiyo ndiyo shibe yako mpya. Kijiko kinachofuata ndicho kitakachorudi.

Na usinywe wakati wa kula. Maliza, subiri nusu saa, ndipo maji. Joto la Dar halina huruma na lita moja na nusu lazima ziingie kwa siku, lakini kwa kugida haziwezekani. Beba chupa ya nusu lita, funda moja kila baada ya dakika chache, kwenye mwendokasi, kwenye foleni ya benki, dukani. Mkojo ukiwa rangi ya chai, umechelewa. Funga ya Ramadhani, kama unafunga, mwaka huu wa kwanza usifunge. Ongea na shehe wako, mgonjwa ana ruhusa yake. Niliwahi kumpokea mama aliyeficha operesheni yake kwa aibu, akafunga ili asiulizwe, na siku ya tisa aliletwa na ndugu zake wakidhani ni malaria.

Vidonge vya vitamini sasa ni vya maisha, kama mtu wa presha na dawa yake. Hili ndilo wengi hawakuambiwa, au waliambiwa kwa Kiingereza siku ya kuondoka wakiwa na usingizi. Unahitaji vitamini mchanganyiko zenye madini kila siku, B12 (sindano ya kila mwezi ya mikrogramu 1,000 inatosha na hainyonywi tumboni, kwa hiyo baipasi haiiathiri), vitamini D, na kalsiamu miligramu 1,200 hadi 1,500 kwa siku, ukiigawa mara mbili au tatu. Duka la dawa uliza kalsiamu sitreti, siyo kaboneti. Kaboneti inahitaji tindikali ambayo wewe huna ya kutosha. Na madini ya chuma, kwa sababu bado unapata hedhi: miligramu 45 hadi 60, kiasi kinachokaribiana na kidonge kimoja cha kuongeza damu wanachopewa wajawazito kliniki. Chuma na kalsiamu vitenganishe saa mbili, hugombana. Chai ya rangi nayo huzuia chuma kunyonywa, kwa hiyo kidonge kisiende na chai. Ukijikuta unatamani barafu au ule udongo wa kula wa sokoni, usicheke wala usijifiche: mara nyingi ni mwili unaodai chuma. Udongo wenyewe huzuia chuma zaidi.

Vipimo vya damu ni mwezi wa tatu, wa sita, wa kumi na mbili, halafu kila mwaka. Wewe wa mwezi wa tatu ulikupita. Omba picha kamili ya damu, feritini, B12, foleti, vitamini D na kalsiamu.

Nywele zitarudi. Mwili ulioshtuka kwa operesheni na kupungua haraka husimamisha nywele nyingi kwa wakati mmoja, zinadondoka mwezi wa tatu hadi wa sita, zinaota tena. Protini na chuma ndizo zinazosaidia. Zile kopo za kukuza nywele unazotangaziwa na wadada wa mitandaoni ni pesa yako tu. Acha kwa muda dawa ya kulainisha nywele na rasta za kuvuta. Ngozi iliyolegea, kwa joto letu, huota fangasi kwenye mikunjo. Kausha vizuri kwa taulo, vaa pamba, dawa ya kupaka ya fangasi inatosha.

Nikuwekee na haya, ambayo yakitokea wakati wowote hakuna kusubiri asubuhi. Maumivu makali ya tumbo kwa aliyefanyiwa baipasi, hasa yanayokuja na kuondoka kuzunguka kitovu, yanaweza kuwa utumbo umepenya na kujinyonga ndani. Huweza kutokea hata miaka mitatu baadaye, na mgonjwa anaweza asitapike kabisa. Hapo hitaji lako ni kipimo cha CT na daktari wa upasuaji, si dawa ya minyoo. Maumivu ya kulia chini ya mbavu baada ya mafuta: mawe ya nyongo, ambayo kupungua haraka huyaleta, na yanaonekana kwa utrasaundi. Choo cheusi, homa na mapigo yanayopita 120 ukiwa umekaa, kifua kubana, mguu mmoja kuvimba na kuuma. Usianze kujitibu malaria.

Majirani. Dar mtu akikonda ghafla ameshapimwa na kuhukumiwa kwenye kijiwe kabla hajafika kwake. Huna deni la kumweleza kila mtu. Lakini mtu mmoja ndani ya nyumba lazima ajue, jina la operesheni, tarehe, na karatasi zilipo, ili siku ukiletwa huwezi kuongea, awepo wa kusema. Kama mume anajua, mpe na hii aisome. Mama mkwe naye mpe kazi: mwambie daktari amesema samaki wa mchuzi mwepesi bila nazi nyingi, kijiko kwa kijiko. Mama wakwe wengi wanaosema “ulijitakia” huwa wameogopa na hawana la kufanya kwa mikono yao.

Kama ulikosea kufanyiwa, hukuniuliza, ila nimeisikia kwenye swali lako. Kwa kilo 128, presha na magoti yale, nisingekukataza. Ningekukataza kwenda bila kujua nani atakuangalia ukirudi. Waliokuuzia walikuonyesha picha za kabla na baada, na hizo picha hazina mwezi wa nne.

Sasa sendofu. Kama umepanuliwa na hutapiki, nenda, na upendeze. Kula nyumbani yai na mtindi kabla ya kutoka, ili usifike na njaa saa nne za usiku wakati ukumbi ndiyo kwanza unafungua chakula. Kwenye foleni chukua sahani ndogo: samaki, kijiko cha maharage, mboga. Pilau onja tu. Soda mezani ifungue na uishike, hakuna atakayehesabu umekunywa kiasi gani. Ndafu ikipita, mpe mtoto wa jirani yako. Na ukiitwa mbele kulishwa keki, kwa sababu wewe ndiye dada mkubwa na utaitwa, mnong’oneze bibi harusi mapema akukatie ya ukubwa wa karanga. Ifungie mdomoni, tabasamu kwa kamera, itafune taratibu mpaka muziki uanze.